Nipeni Behewa la Molasi, Injini Kaeni Nazo

Nataka modeli ya behewa la molasi. Sitaki treni nzima, wala injini inayotoa moshi wa uongo ukibonyeza kitufe. Nataka behewa moja tu: tangi jeusi, fupi, nene, lenye michirizi ya molasi iliyokauka ubavuni, lililopunguzwa kwa skeli mpaka linakaa juu ya kitabu. Nikishalipata hilo, nataka behewa la ng'ombe, lile la mbao zilizoachiana nafasi. Halafu la kumwaga kokoto. Halafu behewa la gadi, lile la mwisho kabisa kwenye treni, lenye kibaraza kidogo nyuma na taa nyekundu. Na kwa sababu mimi ni mtu wa Kisumu, mji ambao behewa hufika ukingoni mwa maji na kupanda meli, nataka na meli yenyewe.

Najua mnachosema. Huyu msee ana shida gani? Unga umepanda, kazi hakuna, na yeye analilia vigari vya kuchezea. Vumilieni kidogo. Nina ugomvi na namna tunavyochagua cha kukumbuka, na behewa la molasi ndilo shahidi wangu.

Tuanze na watu wanaolichukulia jambo hili kwa uzito. Kule Uswisi kuna reli iitwayo Rhätische Bahn, inayopanda milima kwenye theluji. Upana wake ni mita moja, sawasawa na reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kugusa ziwa hapa kwetu tarehe 20 Desemba 1901. Kampuni ya Ujerumani iitwayo Bemo hutengeneza modeli za reli hiyo ya Uswisi kwa skeli ya 1:87, zikitembea juu ya vireli vyenye upana wa milimita 12. Kampuni nyingine ya hukohuko, LGB, imekuwa ikiuza tangu 1968 treni za skeli ya 1:22.5 zinazotembea juu ya vireli vya milimita 45. Chukua simu yako ufungue kikokotoo: gawanya milimita 1,000 kwa 22.5. Unapata 44 na ushei. Skeli hiyo ilipatikana kutokana na reli ya mita moja. Reli kama yetu.

Kwa hiyo mtoto wa Zurich akitaka modeli ya behewa la kubebea saruji milimani, anaipata. Ndiyo, la saruji. Kuna mtu mzima aliyekaa ofisini akachora kila ngazi na kila mfuniko wa behewa la saruji, kwa sababu alijua kuna mtu mzima mwingine atakayelipa pesa kulipata. Na hakuna anayewacheka.

Sasa fikiria maana ya hesabu hiyo kwetu. Vireli vya upana wetu viko madukani. Magurudumu ya upana wetu yako madukani. Vyote vilishatengenezewa Waswisi, na havijui kama vinapita kwenye theluji au kwenye mashamba ya miwa ya Miwani. Kinachokosekana ni sanduku la juu. Kinachokosekana ni sisi.

Mtu ataniambia, lakini modeli za reli ya Afrika Mashariki zipo. Kweli, nimeziona kwenye picha, na karibu kila niliyoiona ni injini, hasa ile mijitu ya mvuke ya daraja la 59 iliyojengwa na Beyer, Peacock kule Manchester katikati ya miaka ya 1950. Ilikuwa 34, kila moja na tani zaidi ya 250, kila moja ikapewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Mojawapo, Mount Gelai, iko Makumbusho ya Reli Nairobi, na ukisimama chini yake shingo inauma. Siikatai. Ni dude la ajabu. Lakini kazi kubwa ya injini hizo ilikuwa kati ya Mombasa na Nairobi, na hata zingekuwa za Kisumu, swali langu lingebaki: zilikuwa zinavuta nini? Hakuna anayeuliza. Tunapiga picha na ng'ombe dume halafu tunasahau jembe.

Kitu cha pili ambacho makumbusho hayo yanajulikana nacho ni behewa namba 12. Hilo ndilo behewa la abiria ambamo afisa wa polisi wa reli, Charles Ryall, alinyakuliwa na simba pale Kima mwaka 1900 akiwa analinda usiku ili amuue huyohuyo simba. Kila kikundi cha wanafunzi hupelekwa kuliona. Simba wa Tsavo nao wamepata vitabu, wamepata na filamu ya Hollywood mwaka 1996. Vibarua wa kutoka India waliojenga reli hii walizidi 30,000, na karibu 2,500 kati yao walikufa, wengi kwa maradhi. Kuhara hakuna filamu. Ndivyo kumbukumbu yetu ya reli ilivyopangwa: injini, simba, mzungu aliyeliwa. Mizigo na waliobeba mizigo watajijua.

Na reli ilikuja kwa ajili ya nini kama si mizigo? Hakuna aliyemwaga pesa zote zile ili mimi na wewe tukae dirishani tukitazama Bonde la Ufa. Baada ya mambo ya jeshi na ubabe wa wakoloni kugombea chanzo cha Nile, kilichobaki kuilipia reli ni shehena. Pamba ya Uganda ilivuka ziwa kwa meli hadi hapa, ikapakiwa kwenye mabehewa, ikapandishwa Mau, ikateremshwa Mombasa. Kisumu ilizaliwa na kazi hiyo. Mji huu ulikuwa mahali pa kutoa mzigo kwenye kitu kimoja na kuuweka kwenye kingine. Hata jina la Port Florence, walilotubandika kwa heshima ya mke wa injinia, lilikuwa jina la bandari. Na reli ilipofika, eneo hili lilihesabiwa kuwa Uganda. Mwaka 1902 mpaka ukasogezwa, tukaamka tukiwa upande wa pili bila kuhama nyumba.

Historia hiyo yote iliandikwa kwenye ubavu wa behewa. Sitanii. Herufi zilizopakwa rangi ubavuni zilibadilika kila mara wakubwa walipobadilisha mawazo. Kulikuwa na UR, reli ya Uganda. Ikaja KUR, Kenya na Uganda. Mwaka 1948 Tanganyika ikaunganishwa, herufi zikawa EAR. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, ndugu wakagawana mali kama watoto wa marehemu, na behewa lililokuwa la wote likalazimika kuwa la mtu: KR hapa, nyingine Uganda, nyingine Tanzania. Injini hupigwa msasa na kupakwa rangi upya kila bosi mpya akija. Behewa la mizigo hupakwa harakaharaka, na mvua ikinyesha miaka kadhaa, herufi za zamani zinachungulia chini ya mpya. Ukitaka kumweleza kijana wa leo Jumuiya ilivyokufa, mpe modeli ya behewa moja lenye herufi mbili. Ataelewa kabla hujamaliza chai.

Sasa nieleze kwa nini nataka yale yasiyo ya kawaida, na siyo lile sanduku la kawaida la magunia ambalo kila reli duniani inalo. Ni kwa sababu behewa la kawaida halikuambii uko wapi. Behewa la ajabu linakuambia.

Chukua hilo la molasi. Kutoka Kisumu kwenda Muhoroni reli inapita katikati ya miwa: Kibos, Miwani, Chemelil. Kiwanda cha kwanza cha sukari nchini kilijengwa hapo Miwani miaka ya 1920. Muhoroni na Chemelil vikafuata miaka ya 1960. Ukikamua sukari, kinachobaki ni molasi, na molasi ina tabia zake. Ni nzito. Lita moja ya petroli haifiki kilo moja. Lita moja ya molasi inakaribia kilo moja na nusu. Ukijaza tangi la ukubwa wa petroli kwa molasi, ekseli zitalia. Kwa hiyo tangi la molasi linatakiwa liwe dogo kwa mzigo uleule, na mdomo wa kutolea uwe mpana, kwa sababu kitu hicho hakina haraka. Kisha kumbuka kwamba reli ikitoka Muhoroni inapanda hadi Mau Summit, zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, ambako asubuhi meno yanagongana. Molasi ikishikwa na baridi inakaza kama mtu aliyenuna. Yaani ukilishika tangi hilo dogo mkononi, umeshika joto la Kano na baridi ya Mau kwa pamoja. Injini gani itakuambia hayo?

Chukua behewa la ng'ombe. Mbao zimeachiana nafasi ili mnyama apate hewa, lakini nafasi isizidi, mguu usije ukatoka. Kuna mtu aliyekaa akapima kwato. Mifugo ilisafirishwa kwa reli hadi machinjio ya Kenya Meat Commission kule Athi River, na pale stesheni palijengwa mteremko maalum wa kuwapandishia. Huo mteremko ukiuona leo umeota nyasi, na hujui kulikuwa na behewa la namna hiyo, utadhani ni ngazi ya kwenda popote.

Chukua la kokoto. Kwa juu ni kama karai kubwa; kwa chini lina milango inayofunguka na kumwaga mawe katikati ya reli au pembeni, unavyotaka. Kwa mtu wa Nairobi hilo ni pambo tu. Kwa mtu wa tambarare za Kano ni habari nyingine, kwa sababu Nyando ikifurika inakula mashamba, inakula nyumba, na inakula tuta la reli. Baada ya kila mafuriko lazima mtu aje na kokoto.

Na behewa la gadi. Babu yangu alikuwa gadi. Aliishi landhi, akastaafu na saa ya mnyororo na magoti mabovu. Dereva wa injini alijulikana mtaa mzima, watoto wakimkimbilia. Gadi alikaa mwisho wa treni peke yake, na breki, taa, bendera mbili na daftari. Treni ikikatika mlimani, yeye ndiye aliyekuwa kati ya mabehewa yanayorudi nyuma na watu walio chini. Sehemu nyingi duniani behewa hilo limeondolewa. Kazi yake imegeuka kisanduku cha umeme kinachofungwa nyuma ya treni. Sina shida na kisanduku. Shida yangu ni kwamba nimetafuta mahali ambapo mtoto wa dada yangu anaweza kuona kiti alichokalia babu yake mkuu, nimekosa.

Halafu meli. MV Uhuru na MV Umoja zilijengwa miaka ya 1960, na sitaha zake zina reli. Behewa linasukumwa kutoka nchi kavu, linavuka daraja, linaingia tumboni mwa meli, na watu wa zamu lazima wayagawe mabehewa kushoto na kulia kwa uzito, la sivyo meli inalala ubavu. Jumuiya ilipovunjika, Kenya ikabaki na Uhuru na Tanzania ikachukua Umoja. Mtunzi wa riwaya akiandika hivyo, mhariri atamwambia apunguze. Uhuru ilikaa miaka mingi imefungwa bila kazi, ikarudi majini mwishoni mwa 2019, ikipeleka mabehewa ya mafuta Port Bell. Kwa skeli ya 1:87, tuseme behewa la mita 12, unapata kitu cha sentimita 14 hivi. Meli yenyewe inazidi mita moja. Hiyo ni meza nzima. Weka meza hiyo kwenye ukumbi wowote hapa Kisumu, waachie watoto wayasukume mabehewa wenyewe, upande mmoja uzidi, meli ilale. Hilo ni somo la fizikia, la jiografia na la siasa kwa kiingilio kimoja.

Nimesema nina ugomvi. Sasa naufikia.

Mabehewa haya yanaisha. Reli mpya ya SGR ina upana wa milimita 1,435, na behewa letu la mita moja haliwezi kukanyaga hapo. SGR ilifika Nairobi 2017 na Naivasha 2019, na tangu hapo habari ya kuileta mpaka Kisumu haijaacha kutangazwa. Kwa sasa reli ya zamani bado inapumua. Ya kwetu ilikarabatiwa na treni ya abiria ikarudi Desemba 2021, tukashangilia. Lakini behewa lililochakaa halirudi. Linasukumwa njia ya pembeni, nyasi zinapita katikati ya ekseli, halafu siku moja anakuja mtu na gesi ya kukatia. Mwaka 2022 biashara ya vyuma chakavu ilipigwa marufuku kwa miezi kadhaa kwa sababu watu walikuwa wanakata mpaka milingoti ya umeme. Kama mlingoti wenye umeme ndani yake hausalimiki, unadhani tangi la molasi lililosahauliwa litasalimika?

Simlaumu anayekata. Chuma ni pesa, na ana watoto. Ninachosema ni hiki: injini ikitaka kukatwa, kuna watu watapiga kelele, kutakuwa na kamati, kutakuwa na mzungu mmoja mzee wa Uingereza atakayeandika barua. Behewa la ng'ombe likikatwa, hata mbwa habweki. Na likishakatwa, hakuna mchoro wake mkononi mwa umma, na watu waliolijua wamepita miaka 70. Kila Jumamosi mjini hapa kuna matanga ya mzee wa reli. Tunasoma wasifu: alizaliwa, aliajiriwa, alistaafu, ameacha wake na watoto. Hatusomi jinsi alivyofungua mdomo wa tangi likiwa limeganda.

Hapa ndipo modeli inapoingia, na hapa ndipo wale wanaosema "si upige tu picha" wanaponikera. Picha inakubali uvivu. Unapiga upande wenye jua, unaweka wimbo, unatuma, imeisha. Ukitaka kutengeneza modeli, huwezi kukwepa upande wa kivuli. Lazima ujue mbavu za behewa ni ngapi. Lazima ujue mlango unateleza kwenda kushoto au kulia, mpini wa breki unazungushwa namna gani, chini kuna nini. Modeli ni maswali mia mbili yaliyojibiwa. Na ukishajibu maswali hayo, behewa likikatwa kesho, umeliibia mauti.

Nilithibitisha hili Kibuye. Nilimpelekea fundi mmoja wa mabati picha ya tangi, nikamwambia nataka kama hili, urefu wa kiganja na nusu. Akaligeuza karatasi.

"Omera, hii inabeba nini?"

"Molasi, fundi."

"Basi hapa umechora vibaya. Mdomo huu mdogo. Molasi haipiti hapo, utangoja mpaka Krismasi. Weka mkubwa, uweke chini kabisa." Akaniangalia. "Na hili tangi limekalia nini? Mbao ama chuma? Upana?"

Mtu huyu hajawahi kugusa behewa maishani mwake. Lakini anatengeneza koroboi kwa mikebe, anatengeneza karai, anatengeneza masanduku ya bati ya wanafunzi wa bweni. Koroboi ni tangi lenye mdomo. Sanduku la bweni ni behewa lisilo na magurudumu, lina hata komeo. Ujuzi wote wa kazi hii uko Kibuye, umekaa juani, unauzwa kwa bei ya kutupa. Kilichotukwamisha ni yale maswali mawili ya mwisho. Upana? Limekalia nini? Ofisi moja niliyoenda kuomba mchoro iliniambia nirudi Jumatatu. Jumatatu zimekuwa nyingi.

Kuna na wale wanaoniambia huu ni mchezo wa wazungu. Kwani nani aliyewafundisha watoto wa Nyalenda kutengeneza lori la waya lenye usukani mrefu, magurudumu ya kandambili, na linakata kona? Nani aliyewafundisha vijana wanaotengeneza matatu za kadibodi zenye michoro, taa na spika, mpaka madereva wenyewe wanazinunua? Watu wetu wamekuwa wakitengeneza modeli tangu zamani. Hatukuwa tumeita jina hilo, basi. Tena tazama: modeli ya matatu ilifanikiwa kwa sababu vijana waliamua kwamba matatu fulani, ya ruti fulani, yenye jina fulani, inastahili kukumbukwa. Hawakutengeneza "gari la abiria". Walitengeneza ile yenyewe, na mkwaruzo wake. Naomba macho hayohayo yageukie njia ya pembeni pale stesheni.

Na wale wa hoja ya njaa: kwamba kuna mambo ya maana zaidi. Yapo. Siku zote yatakuwepo. Lakini angalia maduka ya vinyago mjini. Twiga wa mti, kiboko wa jiwe la Kisii, mvuvi na mtumbwi wake. Mgeni anayeshuka hapa anarudi kwao na twiga, mnyama ambaye hajawahi kufanya kazi hata siku moja Kisumu. Fundi aliyechonga amelipwa, sawa. Basi alipwe kwa kuchonga ukweli pia. Kuna watu duniani wanaonunua behewa la saruji la Uswisi. Msiniambie hawatanunua behewa lililopanda meli kwenye Ziwa Victoria, lililotengenezwa kwa bati na mtu anayeishi kilomita mbili kutoka bandarini.

Ninachodai ni kidogo, na hakihitaji mfadhili.

Kwa wenye reli: kabla ya gesi ya kukatia kuwashwa, tupeni siku moja. Siku moja tu, na ruhusa ya maandishi ili askari asitukamate na tepu mkononi kama wezi. Tutapima, tutachora, tutaondoka.

Kwa makumbusho, ya Nairobi na ya Kisumu: tengeni rafu moja ya mizigo. Simba ameshapata yake.

Kwa vijana wa kompyuta wenye mashine za kuchapa vitu kwa plastiki: mmechapa vishikio vya simu vya kutosha. Magurudumu na springi za behewa ni kazi yenu, kwa sababu hapo bati halifanyi vizuri. Sanduku waachieni mafundi.

Na kwako unayesoma hii ukiwa kwenye matatu ya Kondele au kitandani Umoja: nyumbani kwenu, au kwa jirani, kuna mzee aliyefanya kazi relini. Usimuulize kuhusu injini, hizo ataulizwa na kila mtu. Muulize alipakia nini. Muulize ng'ombe wangapi waliingia behewa moja, na nani aliyewanywesha maji njiani. Muulize gadi alikaa upande gani mvua ikinyesha, alipika wapi chai yake. Muulize behewa likiingia melini lilifungwa na nini lisiteleze ziwani wimbi likija. Kama alikuwa upande wa Muhoroni, muulize tangi la molasi lilikalia mbao ama chuma, na upana wake.

Andika anachosema, na vipimo hata vya kukadiria kwa hatua za miguu. Halafu unitumie. Bati ninalo, na fundi wa Kibuye bado anangoja jibu.